Kupanga Dalia za Mwisho wa Kiangazi, Kuanzia Shambani

Dalia ninayoizungumzia hapa si ule unga wa manjano wanaojipaka wanawake wa pwani, bali ni ua lenye asili ya nyanda za juu za Meksiko, ambalo tangu mwaka 1963 ni ua la taifa la nchi hiyo. Katika nchi zenye majira ya baridi, ua hili huchelewa kuliko mengi. Kwenye mji wa Canby, jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako shamba la Swan Island Dahlias lina karibu ekari 40 za dalia, viazi vyake hupandwa katika majira ya machipuko, maua hujaa mwezi wa Agosti na Septemba, kisha jalidi ya kwanza huyageuza majani kuwa meusi kwa usiku mmoja.

Anayetaka kuzipanga dalia vizuri lazima aanze kazi shambani, kwa sababu dalia haifunguki zaidi ikishakatwa. Waridi hukatwa likiwa tumba na kufunguka mezani, lakini dalia iliyokatwa ikiwa tumba hunyauka ikiwa tumba. Subiri mpaka ua limefunguka robo tatu au zaidi, kisha ligeuze ulitazame mgongoni. Petali za nyuma kabisa, zile zinazogusana na kikonyo, zinapaswa kuwa mbichi na zenye ukakamavu kidogo chini ya kidole. Zikiwa zimelegea na kukauka kama karatasi kuukuu, ua hilo limezeeka, hata kama uso wake bado unang'aa, na halitafika siku ya pili.

Kata alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa mkasi mkali, na uwe na ndoo ya maji iliyooshwa kwa jiki, kwa kuwa bua la dalia lina uwazi ndani kama mwanzi na uchafu huliozesha upesi. Shuka chini ukate bua la sentimita 40 hivi, ingawa utapoteza matumba mawili matatu ya pembeni. Najua inauma kuyakata, lakini mmea uliokatwa hivyo huchipuza mabua marefu zaidi, ilhali ukidonoa vichwa tu utapata vikonyo vifupi msimu mzima. Ondoa majani yote yatakayozama majini. Wakulima wengi husimamisha mabua katika maji ya moto ya nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi, kina cha sentimita chache, na kuyaacha humo mpaka maji yapoe, huku vichwa vikiwekwa mbali na mvuke. Baada ya hapo yapumzishe kivulini kwa saa kadhaa.

Sponji ya maua, ile ya kuchomekea mabua ndani ya chombo, siipendekezi hata kidogo. Bua la dalia ni laini na hupasuka linaposukumwa ndani yake, na sponji yenyewe ni plastiki isiyooza. Chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, RHS, kimeipiga marufuku katika maonyesho yake. Chukua kipande cha wavu wa waya wa banda la kuku, ukikunje kiwe kama mpira uliolegea, ukitie ndani ya chombo na kukizuia kwa utepe wa gundi uliopishanishwa mdomoni.

Tanguliza majani. Mrihani ulioanza kutoa masuke unafaa sana, kwani unasimama vizuri na unatia nyumba harufu ambayo kila aliyewahi kuvaa kikuba anaijua. Pembeni, acha mchicha wa mapambo uning'inize masuke yake mekundu. Ndipo uweke dalia kubwa, mathalani 'Café au Lait', yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa na upana unaoweza kupita sentimita 20. Tatu zinatosha. Ziweke chini, karibu na mdomo wa chombo, kwa sababu ua zito likiwekwa juu huufanya mpangilio wote uonekane unataka kuanguka. Moja iingie ndani zaidi, nyingine itokeze, na ya tatu itazame kando ili mgongo wake uonekane. Hapo ndipo utashukuru kwamba uliukagua. Zile ndogo za duara, zilizoshikamana kama mpira, ziinuke juu kwa urefu tofauti, kila moja ikiachiwa nafasi, kwani petali zinazobanana huchubuka na kuoza.

Kuhusu rangi, buluu usiitafute, kwa kuwa hakuna dalia ya buluu. Mimi hupenda kuanzia rangi ya pichi na kushuka taratibu mpaka kwenye damu ya mzee, kisha kutia nyeupe moja tu.

Badilisha maji kila siku, ukikata sentimita moja ya kila bua, na uweke chombo mbali na jua na bakuli la matunda yaliyoiva. Utegemee siku nne hadi sita. Dalia kubwa ndizo zitakazotangulia kuchoka. Zing'oe bila kuyumbisha wavu, na uzishushe zile ndogo zikae mahali pake.