Sanamu za nondo na mabomba: someni hapa kabla ya kuniuliza tena

Nimechoka kujibu swali lile lile: sanamu hizi za kuchomelea zinatengenezwaje? Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Chuma: nenda kwa wauza chuma chakavu Unga Limited, Arusha, ununue kwa kilo. Vipande vya nondo ya milimita 10 au 12, mabomba ya maji ya zamani.

2. Panga chini kwanza. Usitafute sura ya mtu wala twiga. Angalia uzito unaegemea wapi.

3. Ondoa zinki. Hapa ndipo nilipoumbuka. Bomba la maji limepakwa zinki, nayo huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo zinki inageuka moshi mweupe kabla chuma hakijashikana. Masika fulani nilifunga mlango nisilowe, nikachomelea ndani kutwa nzima. Usiku nikatetemeka, homa juu, mdomoni kama nimelamba sarafu. Nikapima malaria, hakuna. Siku mbili kitandani. Siku hizi nasaga kwa grenda inchi mbili kila upande wa kiungo mpaka chuma kitupu kionekane. Nafanyia nje, na barakoa yenye chujio, si kitambaa. Na yale maziwa mnayoshauriana kunywa hayazuii kitu: moshi unaingia mapafuni, si tumboni.

4. Shikisha vipande kwa nukta ndogo za kuchomelea, simamisha, tikisa, ndipo umalizie.

5. Rangi ya kuzuia kutu ukipenda. Mimi naacha kutu ifanye kazi yake.

MASWALI

Kijana wa Sombetini: Mkuu, bomba la maji naweza kulichomelea hivyo hivyo?

— Hatua ya 3.

Kijana wa Sombetini: Nimepitia juujuu tu mkuu, nina haraka.

— Mimi pia nilikuwa na haraka. Hatua ya 3.

Mama wa Njiro: Sina mashine na moto naogopa. Bati chakavu litafaa?

— Tena sana, dada. Bati la geji 30 hata mimi silichomelei, linatoboka. Likate kwa mkasi wa bati, toboa kwa msumari, funga kwa waya wa kufungia nondo. Vaa glavu. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunga maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na kazi inakunjika kama kitenge.

Fundi Pasua: Niongeze: pipa la mafuta msilikate kwa moto hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki ndani unalipuka.

— Asante fundi, hilo nililisahau. Mapipa mimi siyagusi.

Mama wa Njiro: Waya huo wa kufungia nondo unauzwaje?

— Kwa kilo, duka lolote la vifaa vya ujenzi. Anza na kilo moja, mkono uzoee.