Jinsi ya Kuisoma Bajeti ya Kaunti ya Lamu Kabla ya Kwenda Kuisemea

Anayetaka fedha za umma zifike katika wadi yake, iwe Faza, Kiunga, Hindi au Witu, aanze na kalenda, kwa sababu bajeti hupotea mikononi mwa wananchi kwa kuchelewa kuliko kwa kitu kingine chochote. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wengi wetu hujitokeza kutoa maoni mwezi wa Mei au Juni, makadirio yakiwa yamekwisha kufikishwa katika bunge la kaunti, na wakati huo nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema kwamba bunge linapoyabadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Idara iliyotengewa shilingi milioni 200 inaweza kuongezewa milioni 2 tu, hata wakazi wajae ukumbini na mwakilishi wadi awaunge mkono kwa dhati.

Kwa hiyo jitahidi kuwahi hatua mbili za mwanzo. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ambamo miradi hutajwa kwa mara ya kwanza, hupelekwa bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kila idara, hupelekwa ifikapo tarehe 28 Februari. Ya pili haivutii watu, kwa kuwa imejaa majedwali na haitaji kijiji chochote, lakini kwa maoni yangu ndiyo nyaraka yenye uzito kuliko zote: idara ya uvuvi ikipewa kiwango kidogo Februari, mvuvi wa Kizingitini hatapata mtambo wa barafu Julai.

Ukiipata nyaraka, soma mapato kabla ya matumizi. Lamu hutegemea zaidi mgao kutoka serikali ya kitaifa. Katiba, katika kifungu cha 203, inazitengea kaunti zote 47 kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakipimwa kwa hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 387.4, na sehemu ya Lamu ni miongoni mwa zile ndogo kabisa. Fedha hizo mara nyingi huchelewa. Deni la taifa limepita shilingi trilioni 10, nalo kikatiba hulipwa moja kwa moja kutoka katika mfuko mkuu wa serikali. Mapato ya ushuru yanapopungua, kaunti hubaki zikisubiri, na pamoja nazo husubiri mkandarasi, muuza dawa na kibarua wa mjini Amu.

Kisha tazama mapato yanayokusanywa na kaunti yenyewe, yaani leseni, kodi za ardhi na ada mbalimbali. Linganisha kilichokadiriwa na kilichokusanywa kwa miaka mitatu iliyopita. Tuseme kaunti ilikadiria milioni 200 ikakusanya 120, halafu mwaka unaofuata ikaandika 230: tofauti hiyo si matumaini mema, ni miradi ambayo itaanzishwa bila fedha na kuishia kuwa madeni. Kwetu makadirio yanahitaji tahadhari ya ziada, kwani utalii huyumba haraka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 iliwekwa amri ya kutotoka nje usiku, iliyowaumiza wenye hoteli na wavuvi wa usiku kwa pamoja. Wala katika mapato hayo usiihesabu bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, na mwenye hoja kuhusu ada zake aielekeze huko, asipoteze zamu yake katika kikao cha kaunti.

Upande wa matumizi, vipimo viwili vya kisheria vinatosha. Maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti kwa muda wa kati, yaani kipindi cha miaka mitatu hadi mitano, na mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti.

Sasa chukua mstari mmoja tu, ule unaouelewa vizuri. Tuseme umeandikwa “Ukarabati wa gati, shilingi milioni 12”. Uliza ni gati la wapi, kwani mstari usiotaja mahali unaweza kuhamishiwa popote. Tafuta mradi huo katika mpango wa Septemba. Kama haumo, uliza umeingiaje. Tafuta pia katika bajeti za nyuma, kwa maana mradi unaojirudia kwa kiasi kilekile huenda haukulipiwa, au umelipiwa na haukukamilika, na hayo ni mambo mawili tofauti yanayohitaji maswali tofauti.

Majibu ya maswali hayo hayamo katika bajeti. Yamo katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotolewa kila baada ya miezi mitatu zikionyesha fedha zilizotumika hasa, na katika ripoti ya kila mwaka ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ukinyimwa nyaraka za kaunti, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, kwa Kiswahili, na ofisa husika anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo huwezi kuthibitisha siku zilianza kuhesabiwa lini.

Maoni yako yaandike, hata kama utayasema pia kwa mdomo. Taja wadi, ukurasa, mstari na kiasi, eleza unachotaka kibadilishwe, na uonyeshe fedha zitolewe katika mstari upi, kwa sababu ombi la kuongeza lisilosema pa kupunguza ndilo huwekwa kando kwanza.