Kusubiri majibu ya uzamivu wa anthropolojia Marekani, kuanzia Desemba hadi Aprili 15

Vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu wa anthropolojia kati ya Desemba 1 na 15, vichache mwanzoni mwa Januari. Kutoka hapo hadi Aprili 15, siku ambayo vyuo vingi hutaka jibu la ofa zao, ni miezi minne, na waombaji wengi huimaliza kwa kufungua akaunti ya maombi asubuhi na jioni. Muda huo una kazi zake, na nyingine zikichelewa, hata barua ya kukubaliwa haitakufikisha darasani Agosti.

Wiki mbili za mwanzo: kagua faili

Ingia kwenye akaunti ya kila chuo usome orodha ya vilivyopokelewa. Kinachokosekana mara nyingi ni barua ya tatu ya mapendekezo: kiungo cha chuo kimeangukia kwenye barua taka za mhadhiri, au ameipakia barua bila kubonyeza kitufe cha mwisho. Usimtumie barua pepe ya nne. Mpigie simu, au mfuate ofisini mkae mfungue pamoja. Idara nyingi huvumilia barua ya mhadhiri ikichelewa siku chache, maana usomaji wenyewe huanza Januari baada ya likizo.

Tatizo la pili ni majina. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili, na mtihani wa Kiingereza umesajiliwa kwa mpangilio mwingine. Alama hufika chuoni lakini zisiunganishwe na faili lako. Ukiona mtihani haujapokelewa wiki mbili baada ya kuutuma, iandikie ofisi ya udahili ukitaja namba ya maombi, tarehe ya mtihani na jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Ukigundua kosa la herufi kwenye maelezo yako ya utafiti, liache. Kutuma toleo jipya kunaleta usumbufu kuliko kosa lenyewe.

Agiza transkripti rasmi (hati ya alama zako za chuo) mapema Januari. Wakati wa kuomba, vyuo vingi huridhika na nakala uliyoipakia mwenyewe. Ukikubaliwa, watataka ile inayotoka kwa msajili wa chuo chako moja kwa moja au katika bahasha yenye muhuri, na foleni ya ofisi hizo tunaijua.

Idarani kunaendelea nini

Wahadhiri wachache wa idara hugawana mafaili, mara nyingi kwa matawi: utamaduni na jamii, akiolojia, baiolojia ya binadamu, isimu. Nafasi ni chache, na idadi yake hutegemea fedha kuliko ubora wa waombaji. Mwombaji mzuri hukosa kwa sababu msimamizi anayemfaa yuko likizo ya utafiti au tayari ana wanafunzi wanne. Mara nyingine mlango hufungwa kwa wote: Novemba 2024, Boston University ilitangaza kusitisha udahili wa uzamivu kwa mwaka wa 2025–26 katika programu kadhaa za sanaa na sayansi za jamii, anthropolojia ikiwemo. Kwa hiyo soma tena ukurasa wa idara mwezi Januari, usiishie kwenye ule ulioufungua Septemba.

Majibu huanza kutoka mwishoni mwa Januari na kushika kasi Februari hadi katikati ya Machi. Hayatoki kwa mkupuo. Kwanza huarifiwa waliochaguliwa, kisha walio kwenye orodha ya kusubiri, na waliokataliwa mara nyingi huwa wa mwisho. Ukisikia wenzako wamepata jibu la idara hiyohiyo nawe kimya, uwezekano mkubwa hukuwamo kwenye kundi la kwanza. Haina maana kwamba umeshakataliwa.

Saa nazo zinachanganya. Saa 11 jioni ya New York ni saa 7 usiku wa Dar es Salaam na Nairobi hadi Jumapili ya pili ya Machi, halafu inakuwa saa 6 usiku. Ya California ni saa 10 alfajiri, kisha saa 9 usiku. Hakuna la maana utakalokosa kwa kulala. Angalia barua pepe asubuhi, pamoja na barua taka, na akaunti za maombi mara mbili kwa wiki.

Ukiitwa kwenye mahojiano

Si idara zote zinazohoji. Zinazohoji hufanya hivyo kwa video, dakika 15 hadi 30, Januari au Februari. Andaa maelezo ya utafiti wako ya sekunde 90 na uyaseme kwa sauti mpaka yasisikike kama yamekaririwa. Utaulizwa kwa nini idara hiyo, utafanya kazi na nani, utatumia lugha gani uwandani (mahali pa utafiti), na kibali cha utafiti utakipataje. Hapo jibu liwe na jina la taasisi ya serikali inayotoa kibali hicho: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Anayetaka kutafiti kwao ataulizwa pia undugu na ujirani vitaathiri vipi anachoambiwa na anachofichwa. Swali hilo si la kukudhalilisha. Limo ndani ya taaluma yenyewe, basi lijibu kwa mfano. Weka bando kwenye simu ya akiba, umeme hauna adabu.

Kusoma barua ya kukubaliwa

Barua pepe ya idara inayosema umependekezwa bado si udahili. Barua rasmi hutoka kwa ofisi ya masomo ya juu ya chuo, siku au wiki kadhaa baadaye. Usiache kazi kwa ile ya kwanza.

Kisha nenda kwenye fedha. Tafuta mambo matano: ada imefutwa kwa miaka mingapi, posho ni kiasi gani, inalipwa miezi 9 au 12, bima ya afya inalipwa na nani, na kuna michango gani nje ya ada. Dola 27,000 za miezi 9 ni 3,000 kwa mwezi, lakini ukizitandaza mwaka mzima ni 2,250. Dola 30,000 za miezi 12 ni 2,500. Posho isiyo malipo ya kazi hukatwa kodi ya asilimia 14 kwa mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi), na Tanzania, Kenya wala Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza makato hayo; 2,500 inabaki 2,150. Uliza pia baada ya mwaka wa tano watu wanaishi kwa nini, kwa sababu ufadhili wa kawaida ni miaka mitano na anthropolojia, pamoja na uwanda wake, huvuka hapo kwa wengi. Swali hilo waulize wanafunzi, mwenyekiti wa idara atalijibu kwa upole mno.

Uzamivu wa anthropolojia usio na ufadhili, ukatae. Vivyo hivyo uzamili wa kulipia unaopewa badala ya uzamivu ulioomba, labda kama una mdhamini mwingine.

Kuuliza, na Aprili 15

Kabla ya katikati ya Machi usiulize. Baada ya hapo andika sentensi nne kwa mratibu wa masomo ya uzamivu: jina na namba ya maombi, kwamba bado unaitaka nafasi, ofa uliyonayo kama ipo, na tarehe unayotakiwa kuijibu. Ukiwa kwenye orodha ya kusubiri, hilo la kwamba bado unaitaka ndilo lenye uzito.

Vyuo vilivyotia saini azimio la Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya juu, havipaswi kukulazimisha kujibu ofa ya ufadhili kabla ya Aprili 15. Ofa usizozitaka zikatae mapema kwa maandishi: nafasi unayoiachia ndiyo anayoingojea mwingine.

Viza

Ukishakubali, tuma mara moja pasipoti na ushahidi wa fedha ili chuo kikupe I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi. Barua ya ufadhili kwa kawaida inatosha kama inafikia gharama za mwaka wa kwanza. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kisha viza dola 185, na uombe tarehe ya mahojiano siku hiyohiyo. Kabla ya yote hayo kagua kama nchi ya pasipoti yako imewekewa vizuizi vya viza za wanafunzi: Burundi iliingizwa Juni 2025, na orodha ikapanuliwa Desemba mwaka huo. Ukikwama, omba kuahirisha kwa mwaka mmoja, na sharti barua ya kuahirisha itaje kwamba ufadhili nao umeahirishwa.

Kuingia Marekani kunaruhusiwa kuanzia siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20. Posho ya kwanza inaweza kutoka mwishoni mwa Septemba, ilhali mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na dhamana Agosti. Iandikie idara mwezi Mei uulize kama wanatoa mkopo mdogo wa kuanzia.