Kutia nanga juu ya msitu uliozama: mwongozo wangu wa Mtera

Mbukwenyi.

Mimi ni mtu wa Pangani niliyehamishiwa Dodoma kwa kazi ya mezani. Nina mtumbwi wa mbao wa futi 18, wenye tanga, ninaouweka bwawa la Mtera, karibu nusu ya njia ya kwenda Iringa. Kutia nanga nilijifunza utotoni, baharini, nikadhani nimehitimu. Bwawa likanirudisha darasa la kwanza.

Pwani hofu ya nahodha ni moja: nanga isije ikaachia. Mtera hofu ni mbili, na hiyo ya pili ndiyo inayokula pesa: nanga isije ikagoma kutoka. Mto Ruaha Mkuu ulipozibwa, maji yalipanda juu ya miti ambayo haikukatwa. Ukipita barabarani utaona vigogo vikavu vimesimama majini, mnandi wamekaa juu wakianika mabawa. Hivyo ni vile virefu tu. Vifupi viko chini, na ndivyo vinavyonasa.

Tena kina chenyewe hakitulii. Bwawa likijaa, uso wa maji unafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Hapo kati kuna mita 8.5, zaidi ya pima nne (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Kisiki ulichopita juu yake mwezi wa tano bila kukijua, mwezi wa kumi na moja kinaweza kukukwaruza mkuku, uti wa chini ya mtumbwi.

Hatua ya 1: Beba nanga mbili za tabia tofauti

Nilianza na jiwe lililofungwa kamba, kama wanavyofanya wengi. Jiwe linatosha kwa mtu anayevua perege asubuhi maji yakiwa yamelala. Mchana upepo ukiamka, jiwe linateleza juu ya tope. Siku ya kwanza tulikuwa tunakula ugali, nikainua kichwa, nikaona kigogo kinatujia. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunakiendea. Tanga lilichanika mkono mzima.

Sasa nabeba baura, nanga ya makucha mawili, ya kilo 7 kwa ajili ya tope, mahali pa wazi. Ya pili ni nanga ya makucha manne ya kutengenezesha kwa fundi wa kuchomelea, na hii ndiyo ya kwenye miti. Mguu wake uwe bomba la chuma, makucha yawe nondo ya milimita 8. Fundi atataka kukuwekea nondo ya 12 "ili iwe imara, mzee". Mkatalie. Unataka kucha litakalonyooka ukilivuta kwa nguvu zote, liachie kisiki, kisha ulikunje upya kwa bomba ukifika nchi kavu. Yenye makucha magumu niliiacha huko chini mwaka wangu wa kwanza, pamoja na kamba pima kumi.

(Kama umetoka pwani na unafikiria kuleta ngalawa, iache huko huko. Mirengu, ile miti yake ya pembeni, itanasa kwenye matawi kabla hujafika popote.)

Hatua ya 2: Kamba na mnyororo

Nailoni ya milimita 12, pima 30 kwa kila nanga. Nailoni inazama na inanyumbuka mtumbwi ukirushwa na wimbi. Zile kamba za plastiki za rangi ya bluu zinaelea, na kamba inayoelea inaivuta nanga kwenda juu, badala ya kuilaza chini ichimbe. Kati ya kamba na nanga weka mnyororo, pima 3 za unene wa milimita 8. Uzito wake ndio unaolaza mguu wa nanga chini.

Funga vitambaa vya rangi kila baada ya pima tano ili usiku usihesabu kwa kukisia.

Halafu funga mwisho wa kamba kwenye mtumbwi. Nitaeleza mbele kwa nini.

Hatua ya 3: Fungia mnyororo kitakoni

Hatua hii ifanye taratibu, nyumbani, mchana.

Nanga ina pete juu, mguu katikati, na kitako chini pale makucha yanapokutana. Mazoea ni kufunga mnyororo kwenye pete. Usifanye hivyo. Funga mnyororo kwenye kitako, kwa pingu ya chuma ya kukaza kwa skrubu, na skrubu uifungie waya isijilegeze. Kisha ulaze mnyororo sambamba na mguu mpaka ufike kwenye pete. Hapo pitisha uzi wa nyavu kwenye jicho la mnyororo na kwenye pete, mara tatu, ukaze fundo, ukate mikia.

Ukivuta kwa kawaida, uzi unashikilia na nanga inavutwa kutoka kwenye pete, inachimba kama kawaida. Ikinasa kwenye kisiki, unakuja juu yake wima na kuvuta kwa nguvu. Uzi unakatika, mvuto unahamia kitakoni, na makucha yanatoka kinyumenyume, njia ileile yaliyoingilia.

Swali ni mizunguko mingapi ya uzi. Nyuzi hazilingani, kwa hiyo jaribu ya kwako. Mimi niliifungia nanga kwenye mwarobaini uani kwangu, Ilazo, nikavuta peke yangu, kisha tukavuta wawili. Nilitaka uzi unishinde nikiwa mmoja, na tuushinde tukiwa wawili. Mizunguko miwili ilikatika mapema, minne haikukatika kabisa. Jirani alisimama kwenye ukuta akatutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mzee, na bahari yenyewe inakuja lini?"

Ufundi huu ni wa mchana, ukiwa macho. Usiulalie. Upepo ukigeuka usiku uzi unaweza kukatika, na nanga inayovutwa kitakoni haishiki kitu. Nanga ya kulalia, ile baura, ifunge kwenye pete, na kitakoni uifunge kamba nyembamba ya peke yake inayopanda hadi kwenye chelezo. Dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano linatosha. Ikinasa unafuata dumu, unavuta kutoka kitakoni.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kutua

Shusha tanga mapema, ingia kwa kasia. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, itakupa kina cha chini ya pima mbili na pia itakwambia chini kuna nini: tope linaifyonza, mchanga unakwaruza, kisiki kinagonga. Kwenye kina zaidi tumia chubwi, kipande kizito cha kupimia kina kwa kamba. Mimi napaka sabuni ya kufulia chini ya chubwi, na kinachogandia hapo kinanipa habari ya sakafu.

Zunguka eneo zima utakalolala juu yake, sio nukta moja tu. Mtumbwi utazunguka nanga kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Tazama na ufuko. Ukiona njia pana iliyolainika inayopanda kutoka majini, na kinyesi kimetawanywa pembeni, hapo ni barabara ya viboko. Usiku wanapanda kula majani na alfajiri wanarudi. Usilale mlangoni kwao.

Hatua ya 5: Kushusha

Elekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kwenye upepo, acha mtumbwi usimame. Shusha nanga kwa mkono, usiirushe. Ukiirusha mnyororo unajilundika juu ya makucha. Ikigusa chini, acha upepo ukurudishe nyuma huku unalegeza kamba polepole.

Hesabu ni hii. Chukua kina, ongeza urefu wa omo kutoka majini, zidisha mara tano. Kina pima 3, omo nusu pima, jumla 3 na nusu. Kamba pima 17 na nusu. Kwa kituo cha chakula, mkiwa macho na upepo ni mdogo, mara tatu inatosha. Usiku wa mawingu, mara saba.

Kisha kaza, piga kasia kurudi nyuma kwa nguvu, na uweke vidole juu ya kamba. Nanga iliyoshika inakupa kamba tulivu, inayokaza na kulegea. Inayoburura inatetemeka vidoleni kama jembe linalopita juu ya changarawe. Mwisho chagua vitu viwili ufukoni vinavyofuatana, tuseme kigogo na mlima nyuma yake. Vikiachana, na mtumbwi haujageuka, unahama.

Hatua ya 6: Usiku

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijakolea, tulilala mimi na shemeji yangu kwenye ghuba ndogo. Jioni upepo ulikuwa wa kusi, kama ulivyokuwa tangu mwezi wa sita, na nchi kavu ilitukinga upande huo. Nilijisifu kwa kuchagua vizuri.

Saa tisa usiku radi zilianza upande wa pili. Dakika chache baadaye upepo ulitujia kutoka kaskazini magharibi, na ghuba iliyokuwa kinga ikageuka mfuko, sisi tukiwa chini yake na miti nyuma yetu. Mtumbwi uliruka juu ya nanga yake wenyewe, kamba ikapita chini ya kucha, ikaing'oa. Shemeji alikuwa mbele.

"Ongeza kamba!"

"Nimeongeza!"

"Ongeza tena!"

"Imeisha, shemeji."

"Ikiisha funga!"

"Si hivyo. Imeisha, imeingia majini yote."

Mwisho wa kamba haukuwa umefungwa popote. Kosa langu, maana mtumbwi ni wangu. Baura, mnyororo na pima 30 vilienda pamoja, na kwa kuwa siku hizo sikuwa na chelezo, hata asubuhi hatukuwa na pa kuanzia kutafuta. Nilitupa nanga ya nondo gizani bila hesabu yoyote. Iliburura, iliburura, kisha mtumbwi ukasimama ghafla hadi tukakaa chini. Ilikuwa imenasa kwenye kisiki. Miti tuliyokuwa tukiilaani mwaka mzima ikatushikilia mpaka kulipokucha.

Tangu hapo, mvua za kwanza zikikaribia sitafuti tena ghuba ya kukinga upepo wa jioni. Natafuta nafasi: mahali ambapo upepo ukigeuka kabisa bado nitabaki na maji mengi nyuma yangu. Nanga ya pili inakaa omo, kamba imepangwa, mwisho umefungwa. Tochi iko shingoni, na jaketi la kujiokolea nalivaa, siliweki mto.

Hatua ya 7: Kung'oa

Vuta mpaka kamba isimame wima. Ikitoka, vizuri. Ikigoma, msivute kwa migongo. Nendeni wote omo ili mbele ya mtumbwi izame kidogo, kazeni kamba hadi isilegee hata inchi, fungeni, kisha rudini tezi, yaani nyuma, mmoja mmoja. Omo itataka kuelea, na mvuto wake unazidi wenu wawili. Uso usiwe juu ya kamba, kwani ikikatika inarudi kama mjeledi. Asubuhi ile nanga yetu ilitoka hivyo, makucha yamenyooka kama vijiti vya mishikaki.

Ikishindikana, zunguka ujaribu kutoka upande wa pili. Ikishindikana tena, kata kamba na uage. Usizamie kuifungua. Mamba wa Mtera hawaonekani mpaka wameamua kuonekana, na nimeona vijana wakijitosa kwa ajili ya nanga ya nondo ambayo fundi angewatengenezea nyingine kwa siku moja.

Hatua ya 8: Ukiuacha mtumbwi

Kama unarudi mjini, usiuache kwenye nanga maji haba. Ufuko ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu yanakimbia mbali. Mwachie mtu kazi ya kuusogeza, mlipe. Mara moja niliuacha upande wa Migoli kwa wiki mbili kiangazi, ukiwa unaelea vizuri. Niliporudi ulikuwa juu ya tope lililopasuka, hatua arobaini kutoka majini, nanga imeshika barabara kabisa. Ndani yake walikuwa wamekaa watoto watano, wanapiga makasia hewani, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, amesimama tezi akiwaamrisha waongeze kasi.