Mtutu Ulioandikwa Hornet: Jinsi ya Kujua Bunduki ya Zamani Inakula Risasi Gani

Bunduki yangu ni Winchester modeli ya 1885, iliyobuniwa na John Browning, ile ya umbo dogo inayoitwa Low Wall. Inabeba risasi moja tu. Aliyeniuzia hapa Ohio aliniambia mtutu wake wa asili uling'olewa miaka mingi iliyopita. Kwenye huu wa sasa kuna herufi zilizogongwa kwa mkono, zimepinda kidogo: 22 HORNET, jina la aina ya risasi ndogo. Nikaziamini. Nikanunua boksi la Hornet, nikaenda kupiga.

Risasi ya kwanza ililia vizuri, lakini ganda lilitoka na sura nyingine. Liliingia na mabega ya kuteremka kama chupa ya soda, likatoka na mabega yaliyosimama kama chupa ya dawa. Nilipaswa kuacha palepale. Niliendelea, na ya tatu ikatoboka fataki, kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti. Hewa ya moto ilinipiga shavuni; bila miwani leo ningekuwa na jicho moja. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu uliyerithi au kununua bunduki ya namna hii: usiamini maandishi. Pima kwanza.

Hakikisha bunduki haina kitu ndani, kisha safisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pata Cerrosafe, madini laini ya kuchukulia umbo la chemba, kutoka duka la vifaa vya mafundi bunduki. Yanayeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya moto tu yanatosha kuyayeyusha. Yana madini ya risasi (ledi) na kadimi, zote sumu, basi tafuta kopo lake la peke yake na fungua madirisha. Simamisha bunduki mdomo chini, sukuma kitambaa kizibe mtutu kama inchi moja mbele ya chemba, paka mafuta kidogo sana, kisha mimina. Yakishaganda, yasukume taratibu kwa ufito ukitokea mdomoni. Usingoje zaidi ya nusu saa, maana yanasinyaa mwanzoni halafu yanaanza kutanuka. Saa moja baada ya kumimina ndipo kipimo chake kinalingana na chemba yenyewe. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, kazi yangu ya kila siku ni vipimo, na bado niliweka saa mezani.

Ukingo wa nyuma wa kipande changu ulikuwa inchi 0.350, na urefu hadi mdomo wa ganda kama inchi 1.40. Hapo ni Hornet. Kuna risasi nyingine ndogo zinazofanana nayo: ingekuwa .218 Bee, ukingo ungekuwa inchi 0.408; ingekuwa R-2 Lovell, ganda lingekuwa refu zaidi. Lakini ubavu ulinyooka, na bega lilikuwa kali. Nikaelewa: K-Hornet, yaani Hornet iliyopanuliwa ganda, iliyobuniwa na Lysle Kilbourn, fundi wa jimbo la New York. Fundi wangu asiyejulikana alipanua chemba ya Hornet, na herufi akaziacha zilivyo. Hornet ya dukani huingia humo, na mlipuko wenyewe huliumba ganda upya.

Basi fataki ilitoboka kwa nini? Tundu la pini ya kugonga fataki lilikuwa pana, la zama za baruti nyeusi. Kazi hiyo sikuigusa. Nilimpelekea fundi bunduki, akaliziba, akatoboa dogo na kuweka pini nyembamba. Fundi wa aina hii ni lazima umtafute kabla ya kupiga chochote.

Pima pia njia ya risasi. Sukuma kipande laini cha madini ya risasi (ledi) kilichopakwa mafuta kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtutu, kisha ukipime kwa maikromita. Changu kilisoma inchi 0.223, na Hornet nyingi za zamani zilikuwa hivyo. Vichwa vingi vya leo, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, ni 0.224. Mwishowe, funga kitambaa kinachobana kwenye ufito unaozunguka, uvute, na uone ni kwa inchi ngapi unazungushwa mara moja na mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayozungusha kichwa. Wangu ni 16. Mzunguko wa polepole namna hiyo hutaka vichwa vifupi, kwa hiyo natumia vya greni 45 na nimeacha vizito.

Sasa kujaza maganda upya. Maganda yangu niliyaumba kwa kupiga Hornet za nguvu ndogo. Shingo ya ganda hili ni nyembamba kama bati la kopo, inakunjika ukikandamiza kwa pupa: kwaruza mdomo wake kwa ndani kwanza, halafu ingiza kichwa polepole. Baruti ichukue kutoka jedwali la K-Hornet lililochapishwa na kiwanda cha baruti, uanzie kiwango cha chini kabisa. Greni moja ni miligramu 65 tu, lakini kwenye ganda dogo hivi nusu yake inabadilisha shinikizo, kwa hiyo kila moja naipima kwenye mizani, siamini kijiko. Kila baada ya kupiga naitazama fataki: ikiwa bapa sana au ina alama ya shimo, nasimama.

Kile kipande cha Cerrosafe nimekitia kwenye kichupa cha dawa ndani ya mkoba wa bunduki, pamoja na karatasi yenye vipimo vyote. Juu yake nimeandika kwa wino mweusi: K-HORNET, SI HORNET.