SOMO: Kupiga picha ya mchochota wa ubongo kwa panya mwenye kiharusi (soma KABLA ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki, mchochota wa ubongo unapigwaje picha, naandika mara moja basi.

1. Kibali cha maadili ya wanyama. Huna? Ishia hapa.

2. Kiharusi: uzi wa nailoni unapita ateri ya shingoni mpaka uzibe ateri ya kati ya ubongo, wengi wanaacha dakika 60 hadi 90 wanautoa. Joto la mwili lisicheze mbali na nyuzi 37, panya akipoa kidonda kinakuwa kidogo na utadhani dawa yako imefanya maajabu.

3. Kesho yake MRI (picha ya sumaku) ya T2, aina inayoonyesha uvimbe wa maji, uone kidonda.

4. Subiri. Tresa (kemikali yenye mionzi utakayomchoma panya) inashika protini ya TSPO, na hiyo inapanda maikroglia, seli za kinga za ubongo, zikishaamka. Siku ya 1 mapema mno, karibu siku ya 7 ndo penyewe.

5. Choma tresa mshipa wa mkia, piga PET (picha inayoonyesha tresa imekaa wapi). Ya kaboni-11 inabaki nusu kila dakika 20 so saiklotroni, mashine inayoitengeneza, iwe jirani, ya florini-18 ni kama dakika 110, hapo unapumua.

6. Kulaza PET juu ya MRI. HAPA NDO NILIPOUMIA. Nilimlaza panya miguu mbele, kwenye mashine nikajaza kichwa mbele, picha ikageuka kulia kushoto na mimi sina habari. Ubongo pande zake zinafanana, kwa hiyo programu ililinganisha safiii, haikulalamika. Nikaona upande usio na kidonda unawaka, wiki tatu nzima naandika eti mchochota umevuka ng'ambo! Mpaka mwenzangu akauliza ulipasua upande gani. Siku hizi nabandika mrija mwembamba kulia kwa kichwa, ndani maji na tone la tresa, unaonekana kwenye PET na MRI zote. Usitegemee kumbukumbu, na usiuweke katikati, hausaidii kitu.

7. Toa ubongo, paka rangi za Iba1 (inaonyesha maikroglia) na GFAP (inaonyesha astrosaiti, seli zinazosaidia niuroni), hakikisha.

Mdau A: Panya wangu haonyeshi kitu, msaada
Mimi: Siku ya ngapi?
Mdau A: Ya kwanza
Mimi: Hatua ya 4.

Mdau B: Si utumie FDG tu, ile tresa ya sukari, ipo kila mahali, mnajitesa
Mimi: FDG inafuata sukari. Niuroni zinakula sukari na seli za mchochota zinakula sukari, kidonda kinafifia huku kinawaka, utatenganishaje? Sijitesi mkuu.

Mdau C: Samahani mwalimu, panapowaka ni maikroglia wanaobomoa au wanaotengeneza? Na tunajuaje sio tresa imevuja tu?
Mimi: Swali zuri sana. TSPO haitofautishi, na siku zikienda astrosaiti nazo zinaibeba, ndo maana nikaweka GFAP hatua ya 7. Makrofaji, seli za kinga kutoka kwenye damu, wamo pia. Kuhusu kuvuja, chukua panya wengine, watangulizie PK11195, dawa inayoshika TSPO, isiyo na mionzi kwa wingi ndo uchome tresa. Mwanga ukishuka ilikuwa imeshika kweli, ukibaki vile vile basi ilijikusanya tu.
Mdau C: Asante sana, najaribu.

Mdau D: Mshipa wa mkia siupati kabisa
Mimi: Chovya mkia maji ya vuguvugu kwanza, unatuna.

Mdau E: Wangu hawali baada ya upasuaji wanakonda
Mdau C: Lowanisha chakula kiwe uji mzito, weka chini kabisa ya kizimba, juu hawafikii
Mimi: Hiyo nilisahau kuandika. Na pima uzito kila siku.