Somo: Kula pho (supu ya tambi) kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha Kivietnam, Singapore

Wakuu, mwenye safari ya Singapore asiishie kula hotelini. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya huko iliwatoa wachuuzi wa chakula barabarani na kuwajengea kumbi zenye paa, maji na vibanda vyenye namba. Wengi wanauza vyakula vya Kichina, Kimalay na Kihindi, ila siku hizi Wavietnam nao wamo. Andaa kama dola 6 hadi 8 za huko kwa bakuli.

1. Shika meza kabla ya kupanga foleni. Acha pakiti ya tishu mezani, hakuna atakayekaa. Ukiikuta ya mwenzio, pita.

2. Agiza pho bo, yaani tambi bapa za mchele ndani ya supu ya ng'ombe. Kwao ni chakula cha asubuhi, kama sisi na supu na chapati. Wakikuuliza nyama, tai ni vipande vyembamba sana vinavyowekwa vibichi vikaivishwa na mchuzi wa moto, chin ni iliyokwisha chemshwa. Mwoga aanze na chin.

3. Onja mchuzi mtupu. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu: bakuli halijatua vizuri, mtu keshamimina sosi za chupa. Ile mifupa imechemka kwa saa nyingi pamoja na mdalasini, karafuu, kile kiungo chenye umbo la nyota, na tangawizi na vitunguu vilivyochomwa motoni mpaka vikaungua nje. Mtu wa Pemba ataitambua karafuu kwa harufu tu. Chumvi inatoka kwenye nuoc mam, maji ya samaki wadogo waliovundikwa na chumvi kwa miezi. Chupani inanuka kweli, ndani ya supu huisikii. Ukiizamisha yote hiyo kwenye sosi tamu, umelipia supu ukanywa sosi.

4. Sasa sahani ya majani. Zamisha chipukizi za choroko chini ya tambi mchuzi ukiwa bado unafuka, chana rehani kwa mkono, kamulia ndimu kidogo, onja tena. Huo ni mtindo wa kusini mwa Vietnam, Saigon; wa Hanoi, kaskazini, hawana mambo mengi. Sosi weka kwenye kisahani, uchovye nyama.

5. Kula upesi. Vijiti mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Tambi zinakunywa mchuzi wakati wewe unahangaika na picha.

6. Rudisha trei. Tangu Septemba 2021 ni lazima, na ukikaidi unaweza kupigwa faini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sisi Waislamu tunaingia?
Tafuta cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, kimebandikwa kibandani. Bango la "hakuna nguruwe" si cheti. Kibanda cha pho mara nyingi kinauza pia banh mi, ule mkate wa Kifaransa wenye nguruwe ndani, kwa kisu kilekile. Kikikosa cheti, hamia kwa Wamalay. Na trei za halali zina sehemu yake ya kurudishia, usichanganye.

Vijiti vinanishinda, nitachekwa?
Omba uma, dada. Hakuna anayekuangalia.

Vipi kahawa ya Wavietnam? Mimi mtu wa Bukoba.
Utajisikia nyumbani, nao wanalima robusta kwa wingi. Inadondoka taratibu kwenye kichujio cha bati, juu ya maziwa mazito ya kopo, kisha barafu. Ni kali, usinywe usiku.

Mwanangu karanga zinamdhuru. Ale nini?
Hapo uwe mkali, mama. Goi cuon, zile roli za kamba na majani, huja na sosi ya karanga, na saladi hunyunyiziwa karanga zilizotwangwa. Pho kwa kawaida haina, lakini uliza kabla ya kulipa, na kama hamwelewani lugha, mwonyeshe muuzaji picha ya karanga kwenye simu.